Kisumu na Vita vya Ziwani

Wengi wamesoma habari za Iwo Jima, kisiwa kidogo cha Japani ambacho Wamarekani walikipigania kuanzia Februari hata Machi 1945 kwa ajili ya viwanja vyake vya ndege. Ni wachache wajuao ya kuwa Ziwa Victoria nalo lilipata vita vya namna hiyo miaka thelathini nyuma, na ya kuwa Kisumu ndiyo iliyokuwa bandari yake.

Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Meli zilifuata kutoka Scotland zikiwa vipande vipande, zikaungwa papo hapo ufukoni: Winifred na Sybil, kisha Clement Hill na Nyanza, baadaye Usoga na Rusinga. Kazi yake ilikuwa kuchukua abiria, pamba, ngozi na ufuta. Vita vilipoanza Agosti 1914, meli hizo za biashara zikafungwa mizinga.

Msafiri atokaye Kisumu kwa maji hupita Ghuba ya Winam, akaviacha nyuma visiwa vya Rusinga na Mfangano, kisha hushuka kusini hata Karungu, karibu na mpaka wa Tanzania. Wajerumani waliingia hapo Septemba 1914, wakapanda hadi Kisii. Askari wa King's African Rifles waliletwa kwa meli kutoka Kisumu, wakapigana nao tarehe 12. Pande zote mbili ziliumia, na zote mbili zikauacha mji.

Wenyeji walipoona boma halina Mzungu hata mmoja, wengi walidhani maneno ya Mumbo yametimia. Huyo Mumbo, joka la ziwani, alisemekana kumtokea Onyango Dunde wa Alego mwaka 1913 na kumwambia kwamba Wazungu wataondoka. Maduka na nyumba za Serikali zikaporwa. Waingereza waliporudi, adhabu ilikuwa kali, na ng'ombe wengi wa Wakisii walichukuliwa.

Siku chache baada ya mapigano ya Kisii, Winifred ilikaribia Karungu, ikapigwa mizinga na Muansa, meli ndogo ya Wajerumani, ikageuka. Iliporudi pamoja na Kavirondo, ilikuwa zamu ya Muansa kuondoka. Novemba Sybil ilikwama Majita. Juni 1915 meli za Kisumu zilipeleka jeshi Bukoba, na mnara wa simu ya upepo ukaangushwa.

Lakini kisiwa kilichotamaniwa kilikuwa Ukerewe. Hakikuwa na ngome ya kutisha. Kilikuwa na mpunga. Wajerumani wa Mwanza walikula mchele wa Ukerewe, na kwa sababu hiyo Waingereza walikitwaa Juni 1916. Tarehe 14 Julai Mwanza yenyewe ikatwaliwa. Asicheke mtu kusikia kisiwa kimepiganiwa kwa ajili ya wali, kwa maana jeshi lenye njaa halipigani.

Jambo hilo walilijua zaidi wapagazi. Vita vilihamia kusini, mahali pasipo reli wala meli, na mzigo ukawa wa kuchukuliwa kichwani. Nyanza ilitoa wapagazi wengi kuliko jimbo lingine lolote la Kenya, na mwaka 1917 watu waliandikishwa kwa nguvu kwa wingi usiopata kuonekana. Mtu aliyezoea wimbi na samaki alipewa unga wa mahindi, akaupika upesi njiani mvua ikinyesha, akaula haujaiva. Wengi waliuawa na kuhara kabla ya kuona risasi. Idadi yao ni makumi ya elfu.

Majina ya meli yalitunzwa vizuri katika daftari. Ya wapagazi hayakutunzwa hivyo: mmoja aliandikwa kwa jina la utani, mwingine kwa jina la baba peke yake, na karani asiyejua Kijaluo aliliandika kama alivyolisikia. Vita vilipokwisha, mishahara ya maelfu ya waliokufa ilibaki mikononi mwa Serikali, kwa kuwa jamaa zao hawakupatikana.