Muhuri wa Mlangoni

Kompyuta inapowashwa, programu ya kwanza kuamka ni ile iliyotiwa na mtengenezaji ndani ya ubao wake. Kazi yake ni kuita programu nyingine. Ikimwita adui, kinga zote zifuatazo huwa bure, kwa maana aliyetangulia kuingia huwafungulia wenziwe. Kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo sababu ukawekwa uanzaji salama: kila programu iitwayo sharti ionyeshe sahihi inayotambuliwa, isiyo nayo hurudishwa.

Kinga ni jambo jema, lakini kila bawabu ana bwana wake. Mwaka 2012, Windows 8 ilipotoka, kompyuta nyingi mpya zilikuja na ufunguo wa Microsoft. Linux, ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuisoma, kuibadili na kuigawa, ikawa kama mgeni aliyealikwa na mwenye nyumba akazuiwa na bawabu.

Njia iliyopatikana ni programu ndogo iitwayo shim. Wafungashaji wa Debian huijenga kutokana na maandishi yaliyo wazi kwa wote, hutia ndani yake cheti chao, kisha huitoa ikaguliwe na mafundi wenzao. Wakaguzi huijenga tena kwa mikono yao, ili wahakikishe kwamba kilicholetwa ndicho kilichoandikwa. Ikikubaliwa, Microsoft huitia sahihi. Toka hapo shim hukagua programu zinazofuata, hata kiini cha Linux, kwa cheti cha Debian yenyewe. Hivyo sahihi moja ya kuomba hulinda uhuru wa sahihi nyingi zisizoombwa. Debian ilifikia hatua hiyo mwaka 2019, katika toleo lake la 10.

Lakini sahihi humtaja aliyetuma mzigo. Haiapi kwamba mzigo hauna kasoro. Mwaka 2020 ulifichuliwa katika GRUB, programu iitwayo na shim, ufa uliopewa jina la BootHole. Programu zenye sahihi halali zikawa hazifai kuaminiwa tena, na wafungashaji wakalazimika kuzijenga upya na kuzitia sahihi mpya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Shim ina fadhila nyingine: humruhusu mwenye kompyuta kusajili ufunguo wake mwenyewe. Fadhila hii ndiyo ipimayo haki ya kinga yote. Kufuli inayomtambua mwenye nyumba ni ulinzi. Isiyomtambua ni kifungo, hata ikiwa imara namna gani.