Mali Bila Daftari

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii nimeiandika katika insha zangu tangu nikiwa darasa la sita, na kila mara mwalimu alinitilia alama ya vyema. Hata hivyo, nakiri kwamba sikuwa nimeielewa. Nilikuja kuielewa mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, na aliyenifundisha hakushika chaki.

Nyumbani kwetu tunaishi na Babu, mzaa baba. Tangu mwaka wa 1966 Babu alikuwa mhudumu wa baa katika hoteli moja hapa Nairobi. Anasema kwamba jioni, wageni walipokuwa wakinywa na kuzungumza, zilipigwa santuri za muziki wa ala tupu: tarumbeta, piano, fidla na filimbi, bila mwimbaji. Muziki wa namna hiyo ulitengenezwa makusudi ili umtulize mtu bila kumkatiza mazungumzo. Santuri ilipoanza kukwaruza, meneja aliitoa, naye Babu akaiomba. Nyingine alizinunua kwa mshahara wake, moja moja, mwisho wa mwezi. Alipostaafu alikuwa nazo hamsini na saba.

Santuri hizo hukaa sebuleni kando ya radiogramu, lile kabati la mbao lenye redio na kinanda cha santuri ndani yake. Zimesimamishwa wima kama vitabu, kwa maana ukizirundika moja juu ya nyingine hupinda, na ukiziacha juani hujikunja kama chapati. Kila jalada lina nambari juu, pembe ya kulia, kwa wino wa buluu. Nambari hizo zimo katika daftari la Babu. Humo ameandika jina la santuri, bendi, siku aliyoipata, bei na jina la aliyempa. Pale ambapo hakulipa kitu ameandika "bure", lakini jina la mtoaji halikosi.

Mimi nilikuwa nazicheka. Siku moja marafiki zangu walinitembelea wakamkuta Babu amepiga moja. Mmoja akaninong'oneza, "Sasa huyu anaanza kuimba lini?" Mwingine akadakia, "Wewe, hiyo ni ile ya kwenye simu, ya 'tafadhali subiri'!" Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Babu alikuwa jikoni na nadhani alisikia, lakini hakusema kitu.

Bila shaka mnaikumbuka safari ya Chama chetu kwenda Mombasa katika muhula wa pili. Baba alijikakamua akalipa, zikabaki shilingi mia tatu tu. Siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa Ijumaa. Baba hakuwa na kitu, na kumwomba tena niliona haya. Basi Alhamisi jioni nilichomoa santuri moja katikati, mahali ambapo pengo halingeonekana upesi, nikaitia kwenye mkoba wa shule. Karibu na kituo cha matatu hapakosi mtu wa kununua vitu vikuukuu. Yule niliyempata aliigeuza mara mbili, akanipa mia tatu bila kubishana. Hapo ningeshtuka. Mnunuzi asipobishana, ujue wewe ndiwe umepunjwa.

Jina la santuri hiyo lilikuwa A Swingin' Safari. Niliuza safari ili niende safari! Wakati huo niliona ni jambo la kuchekesha. Nikaenda Mombasa, nikaiona Fort Jesus, nikala viazi karai hadi nikatosheka. Picha yangu imo katika toleo la mwaka jana la jarida hili, nimekenua meno kama mtu asiye na deni.

Babu ana desturi yake. Kila Jumapili baada ya ibada hupiga santuri moja, si zaidi. Wiki tatu baada ya safari alikaa kitini pake akasema, "Mjukuu wangu, hebu nitolee thelathini na moja."

Nilijitia kutafuta. Nilipekua kutoka moja hadi hamsini na saba, kisha nikarudi kinyumenyume, jasho likinitoka kwapani. "Babu, haiko," nikasema.

"Imeenda wapi?"

Ningeweza kusema uongo. Lakini dada yangu mdogo alikuwa amekaa pale pale, na katika nyumba yetu kila kitu kinachopotea huwa amekichezea yeye. Nikajua kwamba uongo wangu ungemwangukia. Basi nikasema yote, kuanzia mkoba hadi mia tatu.

Nilitarajia kiboko. Babu alinyamaza kwa muda, kisha akanituma daftari. Akanipa kalamu.

"Andika mbele ya thelathini na moja. Siku uliyoiuza."

Nikaandika.

"Bei."

Nikaandika 300.

"Jina la aliyenunua."

Kalamu ikasimama. "Simjui, Babu."

"Basi hukuuza," akasema. "Mwenye kuuza anajua kitu chake kimeenda kwa nani. Wewe umetupa."

Maneno hayo yaliniingia kuliko fimbo. Kisha akaniuliza, "Unajua kulikuwa na nini ndani yake?"

"Muziki wa Wazungu," nikajibu.

Babu akatikisa kichwa. Akafunua nyuma ya daftari. Kumbe alikuwa amenakili nyimbo zote kumi na mbili za santuri hiyo. Mbele ya ule uitwao That Happy Feeling kulikuwa na jina katika mabano: Warren. "Huyu ni Mghana," akasema. "Wimbo usio na maneno hauwezi kumtaja mwenyewe. Asipoandikwa, amepotea. Ndiyo maana mimi huandika."

Likizo ilipofika nilianza kutafuta habari za majina hayo, na niliyoyapata yaliniacha kinywa wazi.

Santuri hiyo ilitolewa mwaka wa 1962 na Bert Kaempfert, kiongozi wa okestra aliyezaliwa Hamburg, Ujerumani. Ndiye aliyetunga muziki wa Strangers in the Night, na ndiye aliyewasimamia Beatles walipokuwa wakirekodi mjini Hamburg mwaka wa 1961, kabla dunia haijawajua. Katika A Swingin' Safari alitafuta sauti ya kwela ya Afrika Kusini. Kule, vijana wa mitaani walikuwa wakipiga kwela kwa vifilimbi vya bati vya bei rahisi. Kaempfert aliiga sauti ya vifilimbi hivyo kwa filimbi ndogo za okestra yake. Kwa hivyo ule muziki tuliouita wa "tafadhali subiri" ulianzia kwa vijana kama sisi, kando ya barabara.

Na huyo Warren? Ni Guy Warren, mpiga ngoma wa Accra, aliyezaliwa mwaka wa 1923, mwaka ule ule alipozaliwa Kaempfert. Alikwenda Marekani, na mwaka wa 1956 akatoa santuri yake, Africa Speaks, America Answers. Wimbo huo ulikuwamo humo kwa jina la Eyi Wala Dong. Baadaye alijiita Kofi Ghanaba, akafariki mwaka wa 2008. Katika ile orodha ya Babu kuna wimbo mwingine uitwao Skokiaan. Mtunzi wake ni August Musarurwa wa nchi ambayo leo ni Zimbabwe, na jina la wimbo ni la pombe haramu, tuseme kama chang'aa ya kwetu. Louis Armstrong mwenyewe aliurekodi mwaka wa 1954.

Lakini kilichonichoma moyo ni wimbo wa Wimoweh. Huo ulitungwa na Mzulu aitwaye Solomon Linda, aliyeurekodi Johannesburg mwaka wa 1939 kwa jina la Mbube, yaani simba. Wanamuziki wa Marekani waliusikia katika santuri, lakini neno la Kizulu hawakulisikia vizuri, likageuka kuwa Wimoweh. Mwaka wa 1961 wimbo huo, ukiwa umepewa maneno ya Kiingereza na jina la The Lion Sleeps Tonight, ulishika nambari ya kwanza Marekani. Na Linda alipata nini? Inaelezwa kuwa haki zake aliziuza kwa shilingi kumi. Alikufa maskini mwaka wa 1962, mwaka ule ule ilipotoka santuri ya Babu. Mabinti zake walifikia makubaliano ya kulipwa mwaka wa 2006, baada ya kesi, na baada ya miaka arubaini na minne.

Shilingi kumi! Niliposoma hayo nilizima simu nikakaa kimya. Linda aliuza kitu chake bila kujua thamani yake. Mimi nami sikujua thamani, lakini kitu chenyewe hata hakikuwa changu.

Tangu siku hiyo nikawa mkusanyaji. Jumamosi huosha magari ya majirani, na nikipata nauli na akiba kidogo huenda Kenyatta Market, ambako kuna vibanda vya santuri. Wacha niwape siri za kazi hii. Usinunue jalada, nunua santuri. Itoe ndani uhakikishe kwamba ndiyo iliyoandikwa nje, kwa sababu watu huzichanganya. Ishike kwa ukingo, usiiguse usoni, kisha uiinamishe kwenye mwanga: mikwaruzo yote itajitokeza. Halafu soma maandishi madogo kwenye karatasi ya duara iliyo katikati. Wanunuzi wengi hutazama jina kubwa tu. Mimi huanza na yale yaliyo katika mabano.

Mwezi wa Desemba, katika kupekuapekua, mkono wangu uliifikia A Swingin' Safari. Moyo ulinidunda. Nilitazama pembe ya kulia, juu. Hapakuwa na nambari. Nikaigeuza, nikaitazama tena kwenye mwanga. Haikuwa ya Babu. Mwenye kibanda alitaka 1,500, tukavutana hadi 1,200, yaani mara nne ya zile nilizopewa mimi. Zilikuwa akiba yangu yote, na nusu ya njia nilirudi kwa miguu.

Jumapili Babu aliipangusa kwa kitambaa, akashusha sindano taratibu. Vifilimbi vikaanza. Alifumba macho, na kidole chake kikawa kinagongagonga mkono wa kiti. Mimi nami nilisikiliza, mara ya kwanza bila kungoja mtu aanze kuimba. Katika wimbo wa pili, ule wa Mghana, dada yangu akaanza kucheza.

Upande wa pili ulipokwisha nilileta daftari, nikiwa tayari kufuta lile kosa langu na kuandika kwamba thelathini na moja imerudi. Babu akanishika mkono.

"La. Hiyo ni hamsini na nane. Thelathini na moja bado haijarudi."

"Lakini Babu, si ni santuri ile ile?"

"Ile nilipewa mwaka wa 1971 na mpishi tuliyefanya naye kazi, siku aliyorudi kwao. Hii umeileta wewe. Andika jina lako."

Nikaandika nambari 58, siku, bei 1,200, na jina langu. Ni jina la kwanza la mwanafamilia kuingia katika daftari hilo. Nilifurahi na kuona haya kwa wakati mmoja, kwani mistari ishirini na saba juu yake, mbele ya 31, pale penye nafasi ya mnunuzi, pako wazi hadi leo.

Ndugu zangu wanafunzi, sisemi kila mtu akakusanye santuri. Ninachosema ni kwamba katika nyumba zetu kuna vitu ambavyo wazee wetu wanavijua majina na sisi tunavijua bei tu, tena bei yenyewe hatuijui. Waulizeni wakiwa bado wanaweza kujibu, na mnapojibiwa, andikeni.

Na ombi langu la mwisho ni hili. Ukiwa kwa kinyozi, dukani au sebuleni kwa mjomba wako, ukaona santuri ya A Swingin' Safari yenye nambari 31 kwa wino wa buluu, juu, pembe ya kulia, tafadhali niambie. Utanipata kidato cha tatu, dawati la pili kutoka dirishani. Kalamu iko tayari.