Joto Likifika 38

Watu wakisikia saratani wanawaza mashine. Kweli zipo: Ocean Road, pale baharini Dar, wana mashine za LINAC tangu 2018, mionzi yake inalenga uvimbe vizuri kuliko zile za kobalti. Ila mama mdogo alipoanza kemo ya saratani ya titi, tuliyemtegemea zaidi alikuwa muuguzi.

Kemo hushambulia seli zinazojigawa haraka: za saratani, sawa, lakini pia za nywele, za mdomo, na za uboho unaotengeneza chembe nyeupe za damu. Ndiyo maana damu inapimwa kabla ya kila dozi. Kuna dawa nyekundu kama juisi ya rozela. Ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Muuguzi alikuwa anakaa hapo hapo, anaisukuma taratibu, anauliza, "Mama, panachoma?"

Mimi nasomea ualimu, na yule anafundisha kuliko baadhi ya walimu wetu (samahani). Aliniambia joto likifika 38, hata iwe saa nane usiku, twende hospitali, tusimpe panado tukalala. Halafu akanitaka nirudie kwa maneno yangu.

Siku ya kumi baada ya dozi ya pili, kipimajoto kikasoma 38.4. Baba mdogo akataka tusubiri kuche. Nikarudia maneno yale yale, tukaita bajaji. Chembe nyeupe zilikuwa zimeshuka mno. Akawekewa dripu ya antibayotiki usiku huo huo.

Sasa yuko dozi ya nne. Nywele hana, ubishi anao.