Sehemu ya 6: Kabla hujafungasha, uko wapi?

Mama wenzangu, leo si nepi wala chanjo. Jana usiku mmoja wenu aliniandikia: mtoto ana wiki tano, kodi analipa vizuri, na mwenye nyumba ametuma barua atoke ndani ya miezi miwili. Nikamuuliza swali moja tu, uko wapi? Maana sisi tunasema "Uingereza" kwa yote, lakini kwenye nyumba kila nchi ina sheria yake.

Mimi yalinikuta Leeds. Mtoto miezi mitatu, shifti za usiku zinaningoja, barua ya ejenti ikaja: miezi miwili, bila sababu. Sheria ya England wakati huo haikudai sababu. Nikampigia rafiki yangu wa Glasgow nikilia. Akashangaa: "Ati bila sababu?" Kumbe Scotland tangu Desemba 2017 mwenye nyumba lazima ataje sababu iliyo kwenye sheria, na ukibisha baraza linaamua. Kumbe pia, hata England, notisi ikiisha hakuna wa kukutoa mpaka mahakama iamue. Sikujua. Nilihama wiki ya saba, na nyumba mbili zikanikataa kwa sababu ya mtoto.

England kuanzia 1 Mei 2026 notisi ya bila sababu imefutwa. Akitaka kuuza au kuingia mwenyewe, anakupa miezi minne, tena si ndani ya mwaka wako wa kwanza. Kukukataa kwa kuwa una watoto ni kosa. Na nyinyi mnaofika sasa, msikubali kudaiwa kodi ya miezi sita mbele. Mwisho ni mwezi mmoja.

Ireland Kaskazini ndiko kugumu: umekaa zaidi ya mwaka, bado unaweza kupewa wiki nane tu. (Ukifika miaka kumi zinakuwa kumi na mbili. Jamani!)

Wales wako katikati. Bila sababu bado inawezekana, lakini tangu Desemba 2022 notisi hiyo ni miezi sita.

Yule mama akajibu saa tisa usiku, nadhani akinyonyesha: "Niko Cardiff, mwaka wa pili sasa."

Nikamwambia rudisha masanduku juu ya kabati, na asubuhi piga simu Shelter Cymru, ushauri wao ni bure. Barua uwe nayo mkononi.