Nilivyoandika "Ametulia"

Mzee alitoka Manundu, mstaafu wa mashamba ya mkonge, akalazwa kwa nimonia. Jioni ya kwanza aliniuliza bei ya mahindi sokoni imefika wapi. Asubuhi yake alikuwa kimya, macho ukutani, vidole vikichezea pindo la shuka, uji umemkaukia kidevuni. Nikaandika kwenye faili: ametulia, hana malalamiko. Kwa kweli nilifurahi. Wodi ilikuwa imejaa, na mgonjwa asiyesumbua ni nafuu kwa muuguzi.

Binti yake alipoleta chai alimtazama, akaniambia, "Nesi, huyu siye baba. Jana tumeongea vizuri tu."

"Ni uzee huo, dada," nikamjibu, nikamwomba atoke, muda wa kuona wagonjwa umeisha. Miwani ya mzee nilishamwambia aende nayo nyumbani isije ikapotea. Na usiku uliopita mimi ndiye niliyeomba mzee aandikiwe prometazini ili alale.

Uzee hauingii kwa usiku mmoja. Akili ikibadilika ndani ya saa au siku chache, ikawa inakuja na kupotea, hiyo ni deliriamu, na ina chanzo: maambukizi, upungufu wa maji, maumivu, choo kigumu, dawa. Anayepiga kelele na kung'oa dripu kila mtu humwona. Anayenyamaza tunampita.

Daktari wa zamu alipopita wodini alimwomba mzee ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma. "Ijumaa," akasema mzee, "Ijumaa..." akakwama. Chini ya kitovu kibofu kilikuwa kimevimba. Prometazini huweza kuzuia mkojo. Akawekewa mpira wa mkojo, dawa ikasimamishwa, binti akaruhusiwa kukaa naye, miwani ikarudi. Akili ilirejea taratibu. Miguu haikurejea: alikuja akitembea, akaondoka ameshikiliwa.

Na haya yalikuwa yanajulikana. Mwaka 1999 Sharon Inouye na wenzake, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 852 wenye miaka 70 na zaidi. Waliokumbushwa siku na mahali walipo, wakatembezwa, wakanyweshwa maji, wakasaidiwa kulala bila dawa, wakavaa miwani yao: kati yao waliopata deliriamu ni kama 10 kati ya kila 100. Waliohudumiwa kwa kawaida, 15. Hakuna hapo kinachohitaji mashine.

Binti yule tunakutana sokoni, ananiamkia na kunishukuru kwa kumuuguza baba yake. Sijamwambia bado kwamba yeye ndiye aliyeuona ugonjwa kabla yetu, na mimi ndiye niliyemtoa nje.