Ndege wa Bendera Tulimwona Ziwani Kwetu

Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano tulitoka na watoto kwenda kutazama ndege wa Ziwa Nakivale. Tulikuwa walimu wanne, wanafunzi kumi na tisa, na wazazi watatu waliosema wanakuja "kuangalia tu hayo mambo". Darubini ilikuwa moja, ya kuazima kutoka Mbarara, kwa hiyo foleni yake ilikuwa kama ya bomba la maji.

Masika yalikuwa yanaisha, njia ina tope, matete marefu. Mbayuwayu wanaokuja huku kukimbia baridi ya Ulaya walikuwa wamesharudi, basi tuliowakuta ni wenyeji. Yangeyange walifuata ng'ombe. Mdiria mweusi na mweupe alipigapiga mabawa hewani pale pale, halafu akajitupa majini kama jiwe. Watoto walicheka sana kuona ndege wa vidole virefu anatembea juu ya majani ya yungiyungi kama mtu yuko barazani kwake. Furukombe tulimsikia kwanza, ndipo tukamwona.

Halafu, nyuma ya shamba la mahindi, wakatokea wawili warefu wenye taji ya dhahabu. "Ule wa bendera!" Watoto wakapiga kelele, na ndege wasiruke. Mama mmoja wa Burundi akasema kwao anaitwa umusambi, Wanyarwanda wakaitikia kwamba hata kwao ni hivyo hivyo. Waganda humwita ngaali. Kiswahili cha vitabuni ni korongo taji. Mtoto mmoja wa Kisomali alienda kumuuliza baba yake jioni, naye akajibu kwamba ndege huyo hakumjua mpaka alipofika Uganda.

Yuko kwenye bendera ya nchi hii tangu 1962, lakini tangu 2012 amewekwa katika orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kwisha. Sababu iko pale pale tulipokuwa tumesimama. Usiku analala juu ya mti, ila mayai, mawili au matatu hivi, anayataga chini, katikati ya matete na nyasi za maji. Matete yakifyekwa, kiota hakuna. Watu wengine huchukua mayai au makinda kwenda kuyauza. Ziwa letu pamoja na Mburo na mabwawa yake yaliingia mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar, ya maeneo ya maji yenye thamani kwa dunia nzima. Sisi tunayaita tu "kule kwenye mafunjo".

Yule mama akatuuliza: "Mwalimu, chakula cha msaada kimepunguzwa. Nikiacha matete, watoto nitawalisha umusambi?" Tulicheka wote, lakini swali lake si la kucheka. Shamba lake linafika karibu na maji kwa sababu huko juu udongo umechoka. Hatukumwambia ahame. Tulichoomba ni kidogo: ukanda wa matete ubaki kati ya jembe na maji, na kiota kikionekana kiachwe mpaka makinda yatoke. Alisema ataongea na jirani yake. Hilo nalo ni jambo.

Jumatatu wawili wetu tulirudisha darubini Mbarara. Kule mkubwa wa ndege ni kaloli, yule wa upara na mfuko shingoni, anayekula takataka na hana haja na matete ya mtu. Tulisimama kidogo kwenye daraja la Rwizi. Mto huo unateremka kuelekea maziwa ya bonde letu, Mburo likiwemo, na siku hiyo ulikuwa umebeba chupa za plastiki nyingi kuliko ndege tuliowahesabu.

Safari nyingine ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mbele ya shule. Wazazi, wapeni watoto maji ya kunywa, na muwaambie jina la ndege mmoja kwa lugha ya nyumbani ili tuliandike ubaoni. Manati zibaki nyumbani.