Hii Haiwezi Kufika Mombo

Mara ya kwanza kuiona nyanya ya rangi ya zambarau nilimwonea huruma muuzaji. Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, mwaka 2011, kwenye soko la wakulima mjini Durham, North Carolina, nami nilikuwa sijatimiza hata miaka miwili Marekani. Mzee wa watu amezipanga mezani kwa adabu: kubwa kama ngumi, mabega ya kijani, tumbo rangi ya damu iliyovilia, baadhi zimepasuka kuzunguka kikonyo. Nikasema moyoni, masalo haya atamuuzia nani? Halafu nikaona bei. Zilikuwa ghali kupita nyekundu za meza ya jirani, na mbele yake watu wamepanga foleni.

Masalo, kwa msomaji asiyelijua genge la Tanzania, ni nyanya zilizolegea, zilizopasuka au zilizobonyea, zinazouzwa jioni kwa bei ya kutupa. Nimekulia nyuma ya genge la mama yangu Korogwe, kwa hiyo masalo nayajua kuliko mambo mengi niliyoyasomea. Nyanya zilishuka kutoka Lushoto kwenye matenga, zikapita kona za Soni hadi Mombo, zikatufikia alfajiri. Kazi yangu kabla ya kwenda shule ilikuwa kumwaga tenga juu ya turubai na kuchambua. Mama alizibonyeza kitakoni kwa dole gumba. Iliyokataa ni ya kesho kutwa. Iliyokubali kidogo ni ya leo. Iliyotoa maji ilirushwa kwenye ndoo ya masalo bila kutazamwa tena.

Katika uchambuzi huo hakuna aliyewahi kuuliza ladha. Majina tuliyajua, Cal J, Tanya, Tengeru 97, na tulizisifu kwa ugumu na kwa kukaa siku nyingi. Ladha, mama alisema, ni kazi ya kitunguu na chumvi. Simlaumu. Nyanya iliyolala chini kabisa ya tenga, imebebeshwa wenzake wote na lori linaruka mashimo, haina ruhusa ya kuwa laini.

Na zambarau kwetu lilikuwa tunda kwanza, rangi baadaye. Nyuma ya shule yetu palikuwa na mzambarau, na mwalimu wa zamu hakuhitaji kuuliza nani alitoroka kipindi, alisema tu, "Toa ulimi." Kwa hiyo neno hilo kwangu lina utamu wenye ukakasi na lina fimbo mbili za matako. Kuliunganisha na nyanya sikuwahi kuwaza.

Mwaka 2013 tulipata nyumba ya kupanga yenye kiwanja nyuma. Nilipotia jembe nikakuta udongo mwekundu wa mfinyanzi, unaonata kwenye viatu vile vile kama wa nyumbani, na nadhani ndio ulionitia kichaa cha kulima. Nilinunua mbegu jinsi anavyonunua mgeni yeyote: kwa macho. Kwenye orodha ya duka moja la mbegu palikuwa na picha ya nyanya nyeusi inayong'aa kama kiatu kipya. Jina lake Indigo Rose. Ilitolewa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, kazi ya mtaalamu wa mbegu Jim Myers, na ilikuwa ndiyo kwanza inaingia kwenye bustani za watu. Rangi ile imetoka kwa ndugu wa porini wa nyanya, wa Chile na wa visiwa vya Galápagos, na imeingizwa kwa njia ya kizamani ya kupandisha ua kwa ua na kuchagua kizazi baada ya kizazi. Nikasia mbegu kumi na mbili kwenye vikombe vya mtindi dirishani.

Zilizaa kama zimetumwa. Matunda yalianza kuwa meusi yakiwa bado madogo kama gololi, nami kwa ushamba wangu nikachuma bakuli zima wiki ile ile. Nikakata. Ndani kijani kibichi, gumu, chungu. Bakuli zima likaenda kwenye mboji, na kwa siku mbili nilimlaani aliyeniuzia mbegu, wakati kosa lilikuwa langu. Nyanya hii haiivi kwa kubadilika rangi, kwa sababu rangi imeshatangulia. Inaiva inapopoteza mng'ao, ikawa kama kiatu kilekile kabla ya kupakwa dawa, na kitako chake kikatoka kijani kikawa chekundu. Usipoigeuza ukatazama chini, utadanganyika kila siku.

Jambo moja katika nyanya ile bado linanifurahisha. Zambarau yake ni ya jua. Palipopigwa na jua panakuwa peusi, palipofunikwa na jani panabaki bila zambarau. Ukiibandua ile kofia ya kijani ya kikonyo, chini yake unakuta nyota, mikono yake yote imekamilika, rangi ya machungwa juu ya weusi. Mwanangu wa kwanza, wakati huo ana miaka sita, alipoiona nyota ile alikimbia ndani akaja na mkanda wa gundi. Akakata herufi ya jina lake, akaibandika kwenye nyanya changa. Baada ya wiki kadhaa tukabandua, herufi ikawa imeandikwa pale. Alipeleka nyanya ile shuleni, na mpaka leo anaamini ndiyo kazi bora aliyowahi kuwasilisha.

Ladha? Ya kawaida. Chachu kidogo, maji mengi, kisha basi. Weusi wenyewe uko kwenye ganda tu. Ndani ni nyanya nyekundu kama nyingine. Nilikuwa nimenunua shati.

Msimu uliofuata nilirudi kwa yule mzee wa sokoni, safari hii na adabu zangu. Nikamwuliza zile za rangi ya damu iliyovilia zinaitwaje. Cherokee Purple, akasema, na akanisimulia habari ambayo baadaye niliisoma kwa urefu. Mwaka 1990 mkusanyaji wa mbegu za kale Craig LeHoullier, ambaye baadaye aliishi Raleigh, mwendo wa nusu saa kutoka kwangu, alipokea kwa posta mbegu kutoka kwa mtu wa Tennessee asiyemfahamu. Barua iliyoambatana nazo ilisema ni nyanya ya zambarau, na kwamba familia iliyokuwa nayo ilipewa na Wacherokee miaka mia moja hivi nyuma. LeHoullier akaipanda, akaipa jina, akazigawa mbegu kwa kampuni ndogo ya mbegu za asili, na ndani ya miaka michache ikaenea. Hiyo habari ya Wacherokee ni masimulizi tu, hayana karatasi. Lakini milima ya magharibi ya jimbo letu ni ya kwao, na nyanya inayopitishwa mkono kwa mkono mara nyingi haina karatasi.

Zambarau ya Cherokee Purple ni ya namna nyingine kabisa, na haihusiani na jua. Nyanya ya kawaida ikiiva, kijani chote kinaondoka ndipo wekundu unatawala. Hii kijani chake hakiondoki. Kinabaki ndani, kinachanganyika na wekundu, na ukichanganya rangi hizo mbili unapata matope. Ganda la juu halina rangi, limeangaza kama nailoni, ndiyo maana matope yale yanaonekana ya waridi iliyochafuka. Mwaka 1995 kwenye bustani ya LeHoullier mche mmoja ulitoa matunda yenye ganda la njano badala ya lile angavu, na matope yale yale yakaonekana kahawia kama kahawa. Akaiita Cherokee Chocolate. Tofauti ni ganda tu.

Nilipanda miche minane mwaka 2014, na mwaka ule ulinitia adabu. Nilimwagilia kama mtu anayelipa deni, leo ndoo tatu, halafu siku nne sionekani. Nyanya za kwanza zikaoza kitako, doa jeusi lililobonyea kama chini ya chungu, kwa sababu chokaa iliyomo kwenye udongo haifiki kwenye tunda maji yakiwa ya kubahatisha. Zilizofuata zikapasuka baada ya mvua moja kubwa. Ugonjwa wa bakajani tangulia ukapanda kutoka majani ya chini. Mwezi wa saba, joto la usiku lilipokataa kushuka, maua yakadondoka bila kufunga. Nilichovuna kingejaa ndoo mbili, labda.

Ila nyanya ya kwanza nzima, nilipoikata, ilikuwa kama kukata nyama. Mbegu chache, zimezama kwenye uteute wa kijani. Nikatia chumvi. Nilikula nimesimama, majimaji yananishuka hadi kiwikoni, nikagundua kwamba katika miaka yangu yote ya kuchambua nyanya sikuwahi kuonja nyanya pekee, bila kitu pembeni.

Tangu hapo nimejirekebisha. Matandazo ya majani makavu, unene wa kiganja. Maji mara mbili kwa wiki, ya kutosha, chini kwenye shina, si juu ya majani. Majani ya chini nayakata mapema. Mche nauzika hadi shingoni, maana nyanya inatoa mizizi popote shina linapogusa udongo. Na siisubiri iive kabisa mtini. Ikianza kugeuka rangi naichuma, inamalizikia juu ya kabati la jikoni, na mvua ikija hainikuti.

Mama alikuja kututembelea Julai 2016. Siku ya kwanza alitoka nyuma ya nyumba na khanga yake begani, akasimama mbele ya miche, akauliza, "Huku kantangaze hajafika?" Nikamwambia bado. Akashusha pumzi. Kantangaze, yule nondo mdogo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda, alikuwa ameshayamaliza mashamba ya watu anaowajua, na bei ya tenga ilikuwa haishikiki.

Kisha akaziona nyanya zenyewe juu ya kabati.

"Mwanangu, umefika Marekani ndio unanilisha masalo?"

"Onja kwanza, mama."

Akaibonyeza kitakoni kwa dole gumba. Ikazama. Akanitazama kama anavyomtazama dalali. Nikamkatia kipande, nikanyunyiza chumvi. Akatafuna polepole, akachukua cha pili bila kuambiwa, akamaliza nyanya nzima. Akafuta mdomo kwa pembe ya khanga.

"Hii haiwezi kufika Mombo," akasema.

Kwa mtu aliyelea watoto wanne kwa nyanya zinazofika, sijui sifa kubwa kuliko hiyo, na sijui lawama kubwa kuliko hiyo. Alisema vyote viwili kwa pamoja. Jioni alipika mchuzi wa samaki kwa nyanya hizo hizo, mchuzi ukatoka wa kahawia kama umeungua, na mwenyewe akaomba radhi kwa wageni. Kesho yake akaniamuru nipande nyanya za mchuzi kando.

Alitaka kuondoka na mbegu. Nilimkatalia, mbegu haivuki mpaka bila kibali na hati ya afya ya mimea, na sikutaka mama yangu ahojiwe uwanja wa ndege kwa ajili ya bahasha. Badala yake akanisimamia nizihifadhi mwenyewe. Nyanya bora ya mche bora, si nyanya kubwa ya mche mgonjwa. Unakamulia mbegu kwenye glasi ya maji, unaziacha siku tatu zichachuke hadi juu pawe na ukungu na pua ikatae, unaosha, zilizozama unazianika kwenye sahani ya udongo. Kwenye karatasi zinaganda.

Mwaka 2019 mche mmoja katika mbegu zangu ulizaa matunda mekundu ya umbo la yai. Nyuki alikuwa ametoka kwenye Roma, zile za mchuzi, akapita kwenye Cherokee. Nyanya kwa kawaida hujichavusha yenyewe, lakini si kila mara, na wekundu ndio wenye nguvu: kijani kile cha kubaki hujitokeza tu kikirithiwa pande zote mbili. Nikaing'oa? Hapana. Ilikuwa tamu. Ila mbegu zake sikuzichukua.

Halafu 2024 ikaja zambarau ya tatu. Hii imetoka Uingereza, kituo cha John Innes mjini Norwich, ambako Cathie Martin na wenzake walichukua vinasaba viwili vya ua linaloitwa kinywa-cha-simba wakavitia kwenye nyanya. Andiko lao lilitoka 2008; serikali ya Marekani iliruhusu ilimwe bila masharti ya pekee mwaka 2022; na mwanzoni mwa 2024 mbegu zikaanza kuuzwa kwa watu wa bustani za nyumbani, kumi kwa dola 20. Wenzangu wa bustani waligawanyika. Mimi nilinunua, kwa sababu mtu aliyetandikwa kwa ajili ya zambarau hawezi kuacha kuonja.

Kweli ni zambarau hadi ndani. Ubao wa kukatia ulibaki na madoa. Binti yangu alikula tano, tukamwambia atoe ulimi. Wanaoiuza wanazungumzia afya, na kuna jaribio la panya walio rahisi kupata saratani, walioishi muda mrefu zaidi walipolishwa. Panya si mimi, na sijaipanda kama dawa. Kwa mdomo ni nyanya ndogo nzuri, tamu kiasi, inayozaa sana. Ningeipa alama sita.

Ajabu ni kwamba katika hizo tatu, niliyobaki nayo ndiyo yenye zambarau hafifu kuliko zote, ile ya matope. Nyanya yangu inasafiri hatua 14 kutoka shinani hadi mezani, nilizihesabu. Ugumu wa ganda ningeupeleka wapi?

Mama ameacha genge sasa, magoti. Tukizungumza Jumapili huuliza kwanza mvua, kisha nyanya. Mwaka huu nimesia Cherokee Purple sita, Black Cherry mbili kwa watoto, na Roma nne. Za mchuzi.